Dubu aliyepunguza mwendo: jibu kwa mama wa Chumbageni

Swali: "Shikamoo fundi. Nimekulia Ngamiani hapa Tanga, na mkanda wetu wa kwanza nyumbani ulikuwa The Jungle Book, ile katuni ya Mowgli na dubu. Marehemu baba aliununua ukiwa umeshatafsiriwa, sauti ya mtu inapita juu ya picha kwa Kiswahili. Mwezi uliopita mdogo wangu aliyeko Uingereza aliniletea diski ya Blu-ray ya katuni hiyohiyo, kavani wameandika kuwa imerudishwa upya. Nimekaa na wanangu wawili kuitazama, nikaishia kununa. Rangi kali, picha imekatwa juu na chini, dubu anaimba taratibu na sauti imekuwa nzito. Na yule mtafsiri wetu hayupo. Wanangu wanasema mama umesahau tu. Je, ni kumbukumbu yangu au diski ndiyo mbovu? Na mkanda wa baba bado uko kabatini, niutupe?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo lililonifanya niweke bisibisi chini: usiutupe. Usiuingize hata kwenye deki kwa sasa, mpaka umalize kusoma hapa. Diski yako ipo kwa maelfu ya watu duniani. Mkanda wa baba huenda umebaki mmoja.

Sasa tuje kwenye masikio yako, ambayo hayakukudanganya hata kidogo. Filamu ya sinema hupita mbele ya taa kwa mwendo wa picha 24 kila sekunde. Televisheni zetu, zilizofuata mfumo wa PAL kama Waingereza, zilionyesha picha 25 kila sekunde. Waliokuwa wakihamisha filamu kwenda kwenye mkanda wa PAL hawakuongeza kitu katikati; waliikimbiza tu, picha 24 zikawa 25. Hapo filamu nzima inakwenda haraka kwa asilimia 4 hivi, na sauti, kwa kuwa imefungwa pamoja na picha, inapanda nayo. Inapanda chini kidogo ya nusu toni. Mtu asiyejali muziki hawezi kuhisi. Lakini mtoto aliyeusikia wimbo mmoja mara mia anaushika kwa urefu wake kamili wa sauti, na ukimshushia baada ya miaka 25 atajua papo hapo kuwa kuna kitu hakiko sawa, hata kama hawezi kukitaja. Ndicho kilichokupata.

The Jungle Book ina dakika 78. Kwenye mkanda wa PAL inakwisha kwa dakika 75 hivi. Dakika 3 hizo hazikukatwa popote, zimemezwa na mwendo. Diski ya Blu-ray inarudi kwenye picha 24, kwa hiyo dubu unayemsikia sasa anaimba kwa mwendo uleule alioimba Phil Harris, aliyempa dubu sauti, studio, na sauti ya Harris ilikuwa nzito kweli, ya kifuani. Yule wa utotoni mwako ndiye aliyekimbizwa. Waambie wanao kuwa mama hakusahau. Mama anakumbuka vizuri kuliko wanavyodhani, ila alichokikumbuka ni mkanda.

Kuhusu picha iliyokatwa, hapa pia umeona sawasawa, na ni watu wachache sana wanaoligundua hili. Kwa filamu nyingi kilio huwa kinyume chake: mkanda wa zamani ndio uliokata ubavuni ili picha pana iingie kwenye televisheni ya umbo la 4 kwa 3, na diski mpya inarudisha vilivyopotea. Katuni za studio hii, Walt Disney, za miaka ya 1960 zina habari yake peke yake. Wachoraji walichora kwenye fremu iliyokaribia mraba, umbo la sinema za zamani, lakini kwenye kumbi nyingi za wakati huo mwendesha mashine alifunika juu na chini ili picha ionekane pana kama mtindo ulivyotaka. Waliijua hali hiyo, wakaweka mambo ya maana katikati. Mikanda ya nyumbani ikaja kuonyesha mchoro karibu wote, pamoja na zile sehemu za juu na chini zilizokuwa zikifunikwa ukumbini. Diski za siku hizi zimeurudisha ule upana wa ukumbini. Ukipiga hesabu, takriban sehemu moja ya tano ya kimo cha mchoro imefichwa. Ndiyo maana pale ambapo ulikuwa ukiona majani yamemfunika dubu kichwani, sasa kichwa chake kinakaribia ukingo wa kioo.

Nani mwenye haki? Mimi nasema diski iko sahihi kwa mtu anayetaka kuiona kama walivyoiona watu wa mwaka 1967 ukumbini. Hata hivyo mchoro uliofichwa ulipakwa rangi kwa mkono na mtu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, na laiti wangetuwekea njia zote mbili kwenye diski moja, tuchague. Nafasi ipo. Hili linaniuma kila ninapolifikiria.

Rangi sitazizungumzia sana. VHS, yaani mfumo wa mikanda kama huo wa baba, ilibana habari za rangi kuliko ilivyobana mwanga na kivuli, ndiyo maana nyekundu ilikuwa inamwagika nje ya mstari kama hina iliyowekwa kabla mkono haujakauka. Na mkanda wa baba, kama mingi iliyotufikia Tanga, bila shaka ulikuwa nakala ya nakala. Kila ukinakili, unapoteza. Upande wa pili, kwa miongo mingi studio ile ilipiga picha katuni zake kwa namna ya pekee: kila fremu ilipigwa mara tatu kwenye filamu nyeusi na nyeupe, mara moja kwa kioo chekundu, mara moja kwa kijani, mara moja kwa buluu. Filamu nyeusi na nyeupe imeshikwa na madini ya fedha, haina rangi ya kuchujuka. Filamu ya rangi ya kawaida ikikaa miaka 30 kwenye joto huanza kugeuka nyekundunyekundu kama chai ya rangi iliyomwagiwa maji. Hizi nyeusi na nyeupe zinasubiri tu, ukiziunganisha unapata rangi upya. Kwa hiyo kijani cha msitu kwenye diski kina asili ya kuaminika kuliko kile cha mkanda.

Lakini ukali ule unaoulalamikia, mwanangu, nadhani nusu yake ni televisheni yako. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa kung'ara ili zishindane na taa za dukani. Chukua rimoti, ingia kwenye mpangilio wa picha, tafuta palipoandikwa Cinema au Movie, chagua hapo. Halafu tafuta kipengele cha kulainisha mwendo, kila kampuni ina jina lake, ukizime kabisa. Hiki ni adui wa katuni. Mchoraji wa katuni ya mkono mara nyingi hachori picha 24 kwa sekunde; anachora 12, kila moja inapigwa mara mbili. Ule mruko mdogo kati ya mchoro na mchoro ndiyo uhai wa mwendo wake, ameupima kwa vidole, anajua dubu mzito atue vipi na tumbili aruke vipi. Televisheni inapojitungia picha za katikati, dubu anateleza kama amepakwa mafuta. Ukishakizima kipengele hicho, rudi ukaangalie tena. Nina hakika nusu ya kununa kwako itaisha.

Sasa nikuombe jambo moja kabla ya kuja kwenye mkanda. Weka diski, nenda mpaka anapotokea chui milia, Shere Khan, akitembea kwenye majani. Simamisha picha. Sogea, karibu kabisa na kioo, kama ulivyokuwa ukikatazwa utotoni. Tazama mistari ya shavuni na mabegani. Utaona haikunyooka. Inakwaruza, mahali pengine iko miwili sambamba, mahali pengine mstari wa kwanza wa penseli umeachwa chini ya wa pili.

Hiyo ni penseli yenyewe. Kabla ya hapo, katuni za studio hii zilipita mikononi mwa kina mama waliokuwa wakifuatisha mchoro kwa wino juu ya karatasi ya plastiki, na mstari ulitoka laini, safi, wa kike. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Ub Iwerks, fundi wa studio hiyo, aligeuza mashine ya kunakili ya Xerox iweze kuhamisha mchoro moja kwa moja kwenye plastiki, na filamu ya mbwa wenye madoa ya mwaka 1961 ikawa ya kwanza ndefu kutegemea njia hiyo toka mwanzo hadi mwisho. Walioipenda kazi ya wino walisikitika. Mimi niko upande wa penseli. Kwenye The Jungle Book unatazama mkono wa mchoraji mwenyewe, Milt Kahl na wenzake, haraka yao na mashaka yao, bila mtu kupita juu. Kwenye mkanda wa baba haya yote yalikuwa ukungu tu, VHS haikuwa na uwezo wa kuyabeba. Kwa miaka yote ulimpenda chui bila kuona alivyochorwa. Kwa hili tu diski imelipa nauli yake kutoka Uingereza.

Hapohapo ndipo pia penye lawama yangu. Filamu ina chembechembe zake, zile nukta ndogo zinazochezacheza, na wasafishaji wa studio hii kwa muda mrefu walizichukulia kama uchafu. Kompyuta inayofuta chembechembe haijui tofauti ya nukta ya filamu na mkwaruzo wa penseli. Katuni ya mfalme mdogo na upanga, The Sword in the Stone ya mwaka 1963, ilipotoka kwenye Blu-ray mwaka 2013 ilikuwa imesuguliwa mpaka mistari ikayeyuka, nyuso zikawa kama nta. Iliniuma sana, maana ni mistari ileile ya penseli. Yako imesafishwa pia, chembechembe hazipo tena kwa kiasi kikubwa, lakini mistari imepona. Na upepo umeanza kugeuka: Cinderella iliyorudishwa upya mwaka 2023 imeachiwa chembechembe zake na mistari yake myembamba ya wino, na ukiiweka kando ya toleo la mwaka 2012 utaona kitu kilichokuwa kimezikwa kimefukuliwa. Natamani na hii yako irudiwe kwa mkono huo.

Haya, mkanda.

Utoe kabatini, ukae nao mahali penye mwanga wa dirisha. Kwanza tazama mgongo wake, kona ya kushoto: kuna kikono kidogo cha plastiki. Kama kipo, kivunje kwa ncha ya kisu. Bila kikono hicho deki haiwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha uinamishe kidogo, chungulia kwenye kidirisha juu ya zile roda mbili. Unatafuta unga mweupe pembezoni mwa utepe, kama unga wa muhogo uliosahaulika kwenye ungo. Ubavuni kuna kitufe kidogo. Kibonyeze, inua mfuniko wa mbele, tazama utepe wenyewe. Uking'aa rangi moja ya kahawia iliyokolea, Alhamdulillahi. Ukiwa na madoa ya ukungu, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa pwani ni maradhi ya kawaida mno. Mkanda wenye kuvu usiuchezeshe. Kuvu itahamia kwenye hedi za deki, vile vichwa vinavyosoma utepe, na kutoka hapo kwenye kila mkanda utakaofuata. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki peke yake umpelekee fundi anayejua kusafisha utepe, siyo anayesema ataupuliza tu.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuteleza. Miaka mingi nyuma niliingiza mkanda wa harusi ya jirani kwenye deki niliyoiamini bila kuifungua kwanza. Ikautafuna. Bibi harusi alikuwa ameshafariki, na sauti yake ilikuwa humo. Tangu siku hiyo deki yangu haigusi mkanda wa mtu mpaka nimesafisha hedi na kujaribu kwanza kwa mkanda usio na thamani.

Ukiwa salama, upeleke wote mbele hadi mwisho, uurudishe, ili utepe uliojikaza kwa miaka upumue. Kisha urekodi kwenye kompyuta tangu mara ya kwanza unapouchezesha. Usiseme niujaribu kwanza nione, maana mkanda mkongwe unaweza kukupa mara moja tu nzuri. Na usikawie. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Zilizobaki tunazitibu kwa vipuri vya zilizokufa.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonisisimua zaidi katika barua yako. Mkanda wa VHS unaweza kubeba sauti mahali pawili. Kuna mstari mmoja mwembamba wa sauti ukingoni mwa utepe, na kuna sauti ya Hi-Fi iliyoandikwa ndani, chini ya picha, na hedi zinazozunguka. Baadhi ya deki zilikuwa na uwezo wa kuingiza sauti mpya juu ya picha ya zamani, na zilipofanya hivyo zilibadili ule mstari wa ukingoni tu. Ya ndani ilibaki kama ilivyo. Kama mtafsiri wenu alifanya hivyo, mkanda wa baba una filamu ya asili na Kiswahili kando kando. Tafuta fundi mwenye deki ya Hi-Fi, abadilishe kati ya Hi-Fi na Normal, yaani ule mstari wa ukingoni, msikilize kila moja. Kama mtafsiri anasikika kote kuwili, basi alichanganya sauti kabla ya kunakili, hiyo ndiyo njia iliyozoeleka. Vyovyote vile, rekodi zote mbili.

Ukishapata sauti yake, ifungue kwenye programu ya Audacity, ni ya bure. Chagua sauti yote, nenda kwenye kubadilisha mwendo, andika 0.96. Hiyo ni 24 kugawanya kwa 25, ndiyo dawa ya ule mbio wa PAL. Dakika 75 zitarudi kuwa 78, na mtafsiri atashuka sauti kidogo, atazungumza kama alivyozungumza nyuma ya kipaza sauti kama na yeye alikimbizwa. Kama alirekodi moja kwa moja akiangalia mkanda wa PAL, basi atakuwa mzito kuliko alivyokuwa. Ikikusumbua, tumia kile kipengele kinachobadili urefu wa muda bila kugusa kimo cha sauti. Jaribu yote mawili, masikio yako yataamua, nimeshakwambia nayaamini. Iweke kwenye simu, iunganishe na spika, zima sauti ya televisheni, na uanze vyote pamoja pale kitabu kinapofunguka mwanzoni mwa filamu. Hii iwe ya sebuleni kwenu, siyo ya kuuza.

Ukitaka kujua umepatia, subiri usiku wa kwanza, Mowgli na chui mweusi wako juu ya tawi. Hapo anashuka yule nyoka. Sisi watoto wa pwani tulicheka mpaka machozi kwamba kuna chatu anaitwa Kaa, wakati kaa tunamjua, tunamfukuza kwenye mikoko Pangani na Mtimbwani kila maji yakitoka. Nina hakika mtafsiri wenu hakuliacha lile jina lipite hivihivi. Kila mtafsiri niliyemsikia alimfanya yule nyoka amwambie mtoto, kaa, kaa, kaa hapohapo. Tazama macho ya nyoka yanapoanza kuzunguka rangi. Sauti ikitangulia macho, isogeze nyuma kidogo. Ikichelewa, isogeze mbele. Ikikaa, waite watoto.